Hapa Hatuuzi Skrampi

Banda lilikuwa na giza mchana kweupe, na harufu yake niliitambua kabla sijamwona mwenyeji. Ilikuwa harufu ya kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, saa kumi jioni: utamu unatangulia, ukali unafuata, na chini yake kuna unyevu wa mbao zisizokauka mwaka mzima.

Nilikuwa Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwishoni mwa Novemba, siku yangu ya mapumziko. Mwenzangu wa zamu alinipitia na gari asubuhi akaniambia nibebe dumu. Nikamwuliza mara mbili. Dumu? Ndiyo, dumu, lolote lenye mfuniko. Nikasuuza la lita tano, nikalipakata njia nzima kama mtu anayekwenda kisimani.

Mzee aliyetupokea alikuwa na buti za mpira na vidole vyeusi vya mtu aliyeshika matufaha msimu mzima. Nyuma yake mapipa mawili makubwa yalikuwa yamelazwa ubavu. Aliniita "mpenzi wangu", kama wazee wa kule wanavyomwita kila mtu, akaniuliza nimefuata nini.

Nikajibu kwa fahari ya mgeni aliyejifunza neno jipya: "Nimekuja kununua skrampi."

Alifuta bilauri, akanyamaza kidogo. Hakukasirika.

"Hapa hatuuzi skrampi," akasema. "Tunatengeneza saida. Unataka tamu au kali?"

Nikachukua kali. Dumu likajaa, tukalipa, tukaondoka. Mwenzangu alicheka mpaka barabara kuu. Mimi sikuweza kucheka. Wiki nane zimepita na jibu lile bado linanirudia, hasa usiku kwenye zamu, wazee ninaowahudumia wanapokuwa wamelala na jengo limetulia.

## Neno la nani?

Kwa wengi wetu, saida, yaani pombe ya matufaha, ni kinywaji cha chupa. Kina gesi, kitamu, kinaagizwa baa na mtu asiyependa uchungu wa bia. Savanna, Hunter's, Tusker Cider. Mimi mwenyewe niliondoka Iringa nikiamini hivyo.

Kilichokuwa kwenye bilauri ya mzee hakina undugu na hizo. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyolala. Hakina gesi. Ukikiinua dirishani huoni upande wa pili. Ukikimeza, ulimi unakauka kama umetafuna ganda la ndizi mbichi, kisha dakika moja baadaye kifua kinapata joto.

Hicho ndicho watu wa mjini Taunton waliniambia kinaitwa scrumpy, nami nitaandika skrampi. Inasemekana neno lenyewe limetokana na neno la zamani la kule lenye maana ya tufaha dogo lililosinyaa. Watoto wanaoruka ukuta kuiba matufaha ya jirani wanatajwa kwa kitenzi cha ukoo huohuo. Kwa hiyo ndani ya jina lile kuna matunda mabaya na kuna wizi. Nilipolijua hili nikaanza kuelewa kwa nini mzee alinyamaza.

Kila ninayemwuliza skrampi ni nini ana jibu lake. Vijana wa Bristol wanamaanisha ukali: kinywaji cha kukuangusha. Pale Clifton, mtaa wa Bristol, kuna baa ya siku nyingi, Coronation Tap, yenye saida yake inayouzwa kwa nusu painti tu, yaani zaidi kidogo ya robo lita, na watu wanasimulia idadi ya nusu walizokunywa kama askari anavyosimulia vita. Watalii wanamaanisha mtungi wa udongo wenye picha ya mkulima aliyevaa kofia ya majani. Wapenzi wa vinywaji vya asili wanamaanisha usafi: maji ya matufaha matupu, hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichochujwa. Na wapo wanaolitumia kama tusi dogo, yaani kinywaji kibaya cha watu wa shamba.

Ukali, utalii, usafi, dharau. Neno moja.

Kuna hata saida ya kiwandani iliyopewa jina la Scrumpy Jack. Imechujwa ikang'aa, imetiwa gesi, inafanana na skrampi kama soda ya chungwa inavyofanana na chungwa.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kilichonishangaza ni kwamba Uingereza maji hayo yana kipimo cha sheria. Tangu mwaka 2010, kinywaji kinaweza kuitwa saida kikiwa na asilimia 35 ya maji ya tufaha. Zinazobaki zinaweza kuwa maji ya bomba na sukari. Ndiyo maana mzee anaposema "tunatengeneza saida", yeye hachagui neno la unyenyekevu. Anadai neno lake lirudi.

## Machicha

Siku ile kazi ya kukamua ilikuwa inaendelea, akaturuhusu tutazame.

Matufaha ya saida si ya kula. Niliokota moja nikaling'ata, nikatema. Lina ukakasi wa kutisha, na ukakasi huo ndio mali. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita Profesa Barker, wa kituo cha utafiti cha Long Ashton kando ya Bristol, aliyapanga matufaha haya katika makundi manne kwa kupima uchachu na ukakasi wake: matamu, machachu, matamu yenye ukakasi, na machachu yenye ukakasi. (Ribena mnayoijua nyote ilitokana na utafiti wa kituo hichohicho. Kilifungwa mwaka 2003, baada ya miaka mia moja kamili.)

Wakulima wenyewe hawasemi makundi. Wanataja majina. Kingston Black, linalochukua jina la kijiji cha karibu na Taunton ninakoishi. Dabinett. Yarlington Mill, ambalo mti wake wa kwanza unasimuliwa kuwa uliota wenyewe kando ya gurudumu la kinu cha maji. Slack-ma-Girdle, ambalo mzee alilitamka akicheka peke yake. Aliyataja kama bibi yangu alivyokuwa akitaja mbuzi wake, kila mmoja na tabia yake.

Matufaha hayachumwi. Yanaachwa yaanguke, yanakusanywa marundo, yanapumzishwa yalainike. Yanasagwa. Kisha machicha yanatandazwa juu ya ubao wa mashine ya kukamua. Zamani huku Somerset yalifungwa kwa majani makavu ya ngano, tabaka la machicha, tabaka la majani, mpaka linasimama jengo refu kuliko mtoto wa miaka mitano. Herefordshire, mkoa mwingine wa matufaha, walitumia vitambaa vya manyoya ya farasi. Siku hizi wengi wana vitambaa vya nailoni. Jengo lote hilo wanaliita jibini, ingawa maziwa hayamo kabisa.

Kisha parafujo inakazwa polepole, na maji ya kahawia yanaanza kutoka.

Hapo sasa ndipo niliposogea karibu. Nilimwuliza anatia hamira gani. Akanyoosha kidole kwenye mbao za mashine, halafu kwenye mapipa, halafu kwenye maganda ya matufaha yenyewe. Chachu imo mle. Imelala mle tangu mwaka jana na mwaka juzi. Maji yakishaingia pipani yanaanza kuchacha yenyewe, yanatoa povu wiki za mwanzo, yanapungua kasi baridi ikikaza, na kufikia majira ya kuchipua uchachu mkali umelainika kidogo, ndipo kinywaji kinanyweka.

Mbeta ya bibi, chombo chake cha kukingia ulanzi, ilikuwa hivyohivyo. Kila mwaka wakati wa mvua alikata ncha ya mlanzi mchanga, akafunga mbeta chini yake, asubuhi na jioni akarudi kuukwangua upya. Ukimwambia aoshe mbeta kwa sabuni angekufukuza. Ulanzi ulianza kuchacha ukiwa bado unadondoka, kwa sababu jana ilikuwa bado imo ndani.

Sikutegemea kuliona tena jambo hili, na sikutegemea kuliona kwenye nchi ya baridi. Nilisimama pale nikasahau kwamba nimekuja kununua.

## Sakarini

Ningependa kuishia hapo. Ningekuwa na hadithi nzuri: viwanda vimeharibu, wazee wamehifadhi, na mimi mtoto wa mgema nimetambua ukweli kwa harufu.

Lakini nilirudi wiki mbili baadaye, peke yangu, kwa basi na mguu. Nikamwuliza kuhusu pipa la pili, lile tamu. Kama chachu inakula sukari yote, utamu unatoka wapi?

"Sakarini," akajibu. Bila aibu hata kidogo.

Nilidhani ananitania. Akaeleza kwamba saida ikiachwa ijimalize inakuwa kali yote, kwa sababu chachu haibakizi sukari. Ukiongeza sukari ya kawaida, inachacha upya. Sakarini, utamu wa maabara usio sukari, haichachi. Baba yake alifanya hivyo, na majirani wengi vilevile. Anayetaka ya kati anachanganyiwa kutoka mapipa yote mawili, hapohapo kwenye bilauri.

Niliondoka nimeudhika kwelikweli. Nilikuwa nimeshamwandikia dada yangu ujumbe mrefu kuhusu usafi wa mashambani, na sasa kulikuwa na kidonge cha maabara katikati ya usafi wangu.

Ilinichukua siku kadhaa kuona kosa liko kwangu. Mzee hakuwahi kuniambia ni safi. Mimi ndiye niliyekuja na neno "asili" mfukoni, nikalibandika kwenye pipa lake, kisha nikaumia liliposhindwa kushika. Yeye alikuwa anafanya kile ambacho wateja wake wa Jumamosi wanataka, kwa namna aliyofundishwa, na hakumficha yeyote.

Hata habari ya ukali ina chumvi nyingi. Sukari ya tufaha, ikiachwa yenyewe, mara nyingi inazaa kilevi cha asilimia 6 hadi 8. Sheria nayo inataka saida iwe chini ya asilimia 8.5, ikizidi inahesabiwa kuwa kitu kingine na ushuru wake mwingine. Kwa hiyo zile hadithi za skrampi inayopofusha macho, au panya aliyezama pipani akayeyuka mifupa na yote, ni za kuwatishia wageni. Kinachowaangusha watu ni kwamba kinashuka kirahisi, kinanyweka kwa painti kama bia, na kilevi chake kinaizidi bia ya kawaida kwa mbali.

## Ujira wa pipa

Kwenye nyumba ya wazee ninayofanya kazi alikuwepo baba mmoja, sasa hayupo, aliyeanza kibarua cha shamba akiwa na miaka kumi na minne. Nilimwuliza kuhusu skrampi nikitarajia macho yake yang'ae.

Hayakung'aa. Alisema babu yake alikuwa analipwa nayo.

Nilikwenda kusoma. Kwa vizazi vingi vibarua wa mashamba ya huku walipokea sehemu ya ujira wao kwa saida, wakiibeba kondeni kwenye vipipa vidogo vya mbao, na wakati wa mavuno wakipewa zaidi. Mwenye shamba aliyesifika kwa saida nzuri alipata vibarua wazuri. Mwaka 1887 sheria ilipiga marufuku kumlipa mtu kwa pombe. Desturi yenyewe ilichukua muda mrefu zaidi kufa.

Fikirini mama anayesubiri nyumbani. Mume anarudi jioni, ametoka jasho kutwa, na sehemu ya posho ya chakula imo tumboni mwake tayari.

Na kuna la risasi, ile metali. Karne ya 18 watu wa mkoa jirani wa Devon walikuwa wakisumbuliwa na maumivu makali ya tumbo na kupooza mikono, hasa baada ya msimu wa saida. Mwaka 1767 daktari George Baker, mwenyewe mzaliwa wa Devon, alionyesha kwamba ni sumu ya risasi iliyokuwa kwenye mashine za kukamulia na vyombo. Watu wa kwao hawakumshukuru. Kusema saida yao ina sumu ilikuwa ni kuwatukana.

Ninamfikiria sana daktari yule. Aliipenda kwao, na bado alisema.

Ni watu walewale ambao miaka minne kabla, 1763, walipandwa na hasira serikali ilipoweka ushuru wa shilingi nne kwa kila pipa kubwa la saida, kwa sababu mtoza ushuru angeruhusiwa kuingia mpaka ndani ya nyumba ya mkulima kuhesabu. Wilaya za matufaha zilifanya fujo, William Pitt akaupinga bungeni, na 1766 ushuru ule ukabadilishwa. Mkulima hakutaka mgeni achungulie pipa lake, awe mtoza ushuru au daktari.

## Bibi hakuuza kienyeji

Sasa niseme linaloniuma.

Nikiwa sekondari, kuna mwaka nilimwona bibi yangu akiamkia kilabuni kabla ya jua, na nikamficha. Rafiki zangu wa bweni walikuwa watoto wa mjini. Waliponiuliza bibi anafanya kazi gani, nilisema ana biashara. Biashara gani? Nikasema, kwa sauti ya chini, anauza pombe ya kienyeji.

Yeye hakuwahi kutumia neno hilo hata siku moja. Aliuza ulanzi. Na ndani ya ulanzi alikuwa na mtogwa, mtamu wa asubuhi ambao hata sisi watoto tulionjeshwa, na alikuwa na mkangafu, uliolala ukawa mkali, ambao aliupima kwa jicho kabla ya kumpa mtu. Alijua nani apewe nini. Kulikuwa na wanaume aliowanyima.

"Kienyeji" ni neno la mtu aliyesimama nje ya kilabu. Kwake mbege, mnazi, komoni, ulanzi na gongo ni kitu kimoja, kwa kuwa vyote havina lebo. Mjomba wangu alikufa kwa gongo. Siyo ulanzi, gongo, iliyopikwa na watu waliojificha kwa sababu walikuwa wanavunja sheria. Lakini msibani watu walisema "pombe za kienyeji zimemmaliza", na bibi alikuwa amekaa palepale mkekani, akasikia. Hakujibu. Miezi kadhaa hakugema.

Ndiyo ninayofikiria nikikumbuka namna mzee wa Somerset alivyonyamaza. Skrampi na kienyeji ni maneno ya aina moja. Anayeyatumia anaweza kuwa anasifu, anaweza kuwa anadharau, na mara nyingi hata yeye hajui lipi. Kinachopotea ni kile ambacho mtengenezaji anakijua: tufaha gani, pipa gani, tamu au kali, mtogwa au mkangafu, anayestahili kupewa na anayestahili kunyimwa.

Sisemi pombe ya shambani haidhuru. Nimeona inavyodhuru, huku na kule. Nasema ukiita vyote jina moja huwezi kujua kipi kinaua.

Laiti ningesema "ulanzi" siku ile bwenini.

## Tarehe 17 Januari

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye shamba jingine, karibu na ninapoishi. Tarehe 17 Januari ndiyo usiku ambao vijiji kadhaa vya Somerset vinaitakia heri miti ya matufaha. Wanahesabu kwa kalenda ya zamani, iliyobadilishwa 1752, kana kwamba miti haikupewa taarifa ya mabadiliko.

Tulikuwa watu kama sitini na tochi za moto, matope mpaka kwenye vifundo. Walichagua mti mkongwe kuliko yote. Wakaning'iniza kwenye matawi vipande vya mkate uliokaushwa na kuchovywa kwenye saida, chakula cha ndege mwenye kifua chekundu ambaye wanamchukulia kuwa roho njema ya mti. Wakamwaga saida kwenye mizizi. Wakaimba. Kisha wazee watatu wakafyatua bunduki hewani kufukuza mabaya, nami nikashtuka nikamshika mkono mama mmoja nisiyemjua, na yeye akaushikilia.

Bibi alikuwa akimwaga kidogo chini kabla ya kuonja. Hakueleza, nasi hatukuuliza. Nilipoona saida ikizama kwenye matope ya mizizi, machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Niliporudi nyumbani nilimpigia mama, usiku sana kwa saa za Iringa. Alikuwa macho. Nilikuwa nimejimiminia kikombe kutoka kwenye dumu, akasikia.

"Unakunywa nini?"

"Saida."

"Ile ya chupa?"

"Hapana mama. Ya shambani. Wanakamua matufaha, wanaacha yachache yenyewe."

Akawaza kidogo.

"Mtogwa au mkangafu?"

"Mkangafu."

"Basi kunywa kidogo," akasema. "Kesho si una zamu?"